Mhariri na Rekodi ya Alhamisi

Mhariri wetu alijua mwandishi amependa kabla mwandishi mwenyewe hajakubali. Hakuhitaji umbea wa mtu. Alichukua rekodi nzima, ile ambayo haijakatwakatwa, akavaa visikizi vyake vikubwa vilivyoungwa kwa selotepu, akafumba macho, na wala hakuwa akimsikiliza anayehojiwa. Alimsikiliza anayehoji. Akimaliza, anavivua taratibu na kukuita. "Kuja hapa. Huyu mtu umemwacha akaongea dakika nne na hujamuuliza swali hata moja. Ni mjomba wako ama ni mpenzi wako?"

Nilifanya kazi chini yake miaka sita, katika redio ndogo ya Kitale, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kalasinga. Tulimwita Madam akiwepo. Akiwa hayupo tulimwita Mhariri, kana kwamba mji mzima haukuwa na mhariri mwingine. Alizaliwa wapi na kwa nani sikuwahi kutaka kujua. Nilichotaka ni kuwa yeye, na kwa kuwa sikuweza, nilimwonea wivu. Nasema hili mapema ili asitokee mtu wa kudhani namwandikia sifa za bure.

Wivu ulianza na vitu vya kuchekesha. Mimi nilikuwa na diploma, nywele zilizosukwa kila wiki mbili, na simu nzuri kuliko yake. Nikimpigia chifu mara tano hashiki. Yeye akipiga mara moja chifu anashika, tena akiwa kanisani, anatoka nje kabisa ili asikie vizuri. Wazee wa kule Kapsokwony walimwambia mambo ambayo wake zao hawakuyajua. Alivaa sweta moja ya kijani Jumatatu hadi Ijumaa, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo wa mtu aliyeamka sasa hivi, na bado akiingia mahali watu walisogea kumpa nafasi. Nilijaribu kuongea kwa ule mkwaruzo. Fundi wa mitambo akaniuliza kama nina mafua.

Hakuwa mtu mzuri wa kuishi naye ofisini. Alikuwa mwepesi wa hasira, mzito wa kusamehe, na mwenye tabia ya kukukatiza hata ukimsalimia. "Madam, habari ya..." "Nzuri, leta habari." Chai ya ofisi aliinywa bila sukari na akatuona sisi wa sukari kuwa wagonjwa. Lakini ukifiwa, alikuwa wa kwanza kufika kwenu, na alikuja na viatu vya kazi, si vya kukaa.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba hatuli kwa mtu anayetupa habari. "Ukikula ugali yake," alisema, "utameza na maneno yake." Siku moja tulikuwa soko la Misikhu tukiuliza wafanyabiashara juu ya vibanda vilivyobomolewa. Mama mmoja muuza ndizi akampa chana nzima. Mhariri akatoa noti alipe. Yule mama akaruka juu.

"Ati unanilipa ndizi? Wewe wa ledio umeniona mimi masikini?"

"Si hivyo, mama. Ni kazi tu."

"Kazi gani ya kukataa ndizi, bana? Kaa chini!"

Mhariri akakaa chini kwenye gunia, akala ndizi mbili bila kusema neno, akashukuru kwa mikono miwili. Tukiwa njiani kurudi akaniambia sauti ya yule mama haitaenda hewani, na kesho yake akamtuma mwandishi mwingine akamhoji upya yule yule mama, kuhusu vibanda vile vile. Niliona ni wazimu. Mpaka leo sina uhakika kama si wazimu.

Na mtu huyo huyo wa kukataa ndizi alikwenda matangani kwa mwalimu mkuu mmoja ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwanika hewani wiki mbili mfululizo, mwalimu huyo alipofiwa na mama yake. Hakukaa kwenye viti vya wageni. Alifunga leso, akaingia jikoni na wake wa boma, akapakua chakula hadi wa mwisho. Yule mwalimu mkuu alimpita na sahani mkononi na hawakusalimiana. Nilipomuuliza inakuwaje, akasema, "Mimi sina ugomvi na mama yake."

Ila sheria iliyomfanya ajulikane na waandishi wote, kuanzia Kitale hadi Bungoma, ilikuwa ile ya mapenzi. Kila Jumatatu tulipokutana kupanga kazi alifunga mlango na kuirudia, hasa akiona kuna mwandishi mpya.

"Mimi sikatazi watu kupendana. Hapa si kanisa. Lakini anayekupa habari usimpe moyo. Na kama umeshampa moyo, wachana na habari. Chagua moja. Hiyo ingine utaniletea mimi."

Kijana wetu wa michezo alichagua. Alikuwa amempenda mweka hazina wa klabu moja ya mpira, akaja akasema mwenyewe, akanyang'anywa mpira akapewa kilimo. Walipooana Mhariri alicheza harusini mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akaendelea na kimoja. Mwingine wa siasa alificha. Huyo aligunduliwa kwa rekodi, na kwa mwezi mzima alisoma matangazo ya vifo saa saba mchana, hadi watu wa Tuwan nilikokuwa nikiishi wakampa jina la Bwana Majeneza.

Nilimuuliza mara moja kwa nini anahangaika hivyo. Watu wazima, wamependana, kuna ubaya gani?

"Unadhani ni kwa sababu mpenzi atakudanganya," alisema. "Hapana. Mpenzi anaweza kukuambia ukweli mtupu. Mbaya ni wewe. Wewe ndio utaacha kumuuliza. Na siku watu watajua, hakuna mtu atauliza kama habari ilikuwa ya kweli. Watauliza nani alilala wapi."

Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema. Wakati huo nilikuwa tayari na Barasa wiki ya pili.

Barasa alikuwa soroveya, mpimaji, katika ofisi moja ya maji huko Bungoma. Kulikuwa na mradi wa kuteremsha maji milimani, karibu na Kapsokwony, yaende kwenye zahanati na shule ya msingi. Bomba lilichimbiwa, watu wakapiga makofi, na maji hayakufika. Barasa ndiye aliyenifunulia ramani na kunionyesha kwa penseli. "Hapa ndio tulipima. Na hapa ndio bomba ilienda." Lilikuwa limepindishwa kwenye ukingo wa tatu wa mlima, likaingia shamba la bwana mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa na matangazo mengi redioni kwetu. Akina mama waliendelea kushuka mtoni na mitungi, na kuipandisha ile njia ambayo hata pikipiki huikubali kwa shida.

Nilimpenda kwa ile penseli. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu taratibu, hata ujumbe wa simu aliuweka nukta. Sitamwelezea zaidi, maana bado inaniuma, na isitoshe picha hii si yake.

Mhariri alisikiliza rekodi yangu asubuhi moja. Nilimtazama kupitia kioo cha studio, nikamwona akifumba macho, nikajua nimekwisha.

"Nekesa. Hapa amesema bomba lilipindwa juzi juzi. Juzi juzi ni lini?"

"Sijui, Madam."

"Hukuuliza. Hapa amecheka, na wewe umecheka. Kitu gani ilikuwa ya kuchekesha kwa bomba?"

Nikaanza kulia. Akainuka akafunga mlango, akakaa karibu nami badala ya nyuma ya meza. Nikamwambia yote. Hakunikatiza, na hilo peke yake lilinitisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ibaki kwetu wawili. Sasa chagua."

Nilichagua mwanamume. Nilimkabidhi daftari langu, ramani na namba za simu. Wenzangu waliiogopa ile habari kwa sababu ya yule bwana wa ng'ombe, kwa hiyo Mhariri akaichukua mwenyewe. Nilitoka mle ndani nikiwa mwepesi. Nilidhani nimeachiwa chote nilichokitaka.

Mhariri na Barasa walikuwa wakikutana kila Alhamisi mchana, pale Misikhu, katika hoteli ya mama mmoja inayotazamana na soko, mlango wazi, watu wakiingia na kutoka. Hakukuwa na cha kuficha. Tatizo lilikuwa Ijumaa, Barasa akija kwangu Tuwan. Anakaa kitini, anavua viatu, na kabla sijamimina chai ameshaanza.

"Huyo Madam yenu ni mtu! Ati ameniuliza tulipima na kamba ama na mashine, na nani alikuwa ameshika upande ule mwingine. Hakuna mtu ashawahi niuliza hiyo."

"Mimi pia ningekuuliza."

"Lakini si hukuuliza, bana."

Alicheka, alikuwa anatania. Mimi nilichomeka. Miezi miwili nilikuwa nimempikia, nimemfulia shati la kuendea mkutanoni, nimemwambia ni mzuri. Mhariri kwa saa mbili za Alhamisi alimuuliza kuhusu kamba, na mwanamume akarudi ameongezeka kimo. Niligundua kwamba kupendwa anakujua, lakini kusikilizwa alikuwa ndio kwanza anakuonja, na si kutoka kwangu. Nikaanza kumuuliza Madam amevaa nini, amekaa upande gani, amecheka mara ngapi. "Sweta ya kijani," Barasa alisema, akanitazama kama mtu anayetazama mbwa wa nyumbani akimbwekea.

Basi nikafanya jambo ambalo mwizi wa kawaida asingelifikiria. Mhariri alipotoka kwenda kula, niliketi kwenye kompyuta yake, nikavaa vile visikizi vya selotepu, nikasikiliza rekodi zake nilivyofundishwa. Sikumsikiliza Barasa. Nilimsikiliza anayemhoji.

Alhamisi ya kwanza alimkatiza kila sentensi. Ya pili vile vile, hata nikamwonea huruma Barasa. Ya tatu, katikati, Barasa akaanza kuelezea jinsi baba yake alivyokuwa mshika kamba wa wapimaji, akitembea peku milima ile yote, na jinsi alivyomfundisha kuhesabu kwa hatua. Aliongea dakika sita. Maneno yale hayakuwa na uhusiano wowote na bomba. Mhariri, mtu wa kukatiza hata salamu, hakusema kitu. Hakuguna. Nilisikia kijiko kikiwekwa juu ya meza polepole, kisha pumzi. Halafu sauti yake, imeshuka: "Haya. Turudi kwa bomba."

Nilivua visikizi. Nilikuwa nimemkamata kwa mtego wake mwenyewe.

Ningeweza kufanya alivyonifanyia. Ningefunga mlango, nikamwambia Madam, hapa umemwacha dakika sita. Angenisikiliza, nadhani angenishukuru. Badala yake nilishuka chini saa nne ya chai, nikamkuta dada wa matangazo ya biashara akila chapati, nikamwambia sentensi moja tu: "Hata Madam anampenda huyo soroveya wake, ni vile tu hamjui." Nilisema huku nikicheka. Ndivyo sumu ya wivu ilivyo, hupikwa siku nyingi na kupakuliwa kwa kicheko.

Dada wa matangazo alikuwa akimhudumia yule bwana wa ng'ombe. Sikulifikiria hilo, au labda nililifikiria.

Sehemu mbili za habari zilikuwa zimeshatoka hewani. Ya tatu ndiyo ingemtaja mwenye shamba. Ilikuwa bado siku mbili barua ya wakili ilipofika, ikisema taarifa hizi zimepatikana kitandani. Mwenye redio akaja mwenyewe, akatuita sote, akasimama mbele ya Mhariri na ile barua.

"Umelala na huyu kijana?"

"Sijalala na mtu. Bomba liko pale pale. Tuma mtu aende aangalie."

"Sijakuuliza bomba. Mimi nataka kitu kidogo tu. Sema hapa mbele ya watu kwamba humpendi, nikamjibu wakili, maneno iishe."

Tulingoja. Kila mtu mle ndani alijua atasema, kwa sababu ni maneno mawili na hakuna atakayempima. Hakuyasema. Alinitazama mara moja, nami nilikuwa dirishani nikihesabu mabati uani kwa Kalasinga. Angeweza kuninyooshea kidole. Mpenzi wa soroveya, yaani mimi, alikuwa palepale, amevaa kitenge kipya, na alishamkiria kwa kinywa chake. Barua ya wakili ingekosa miguu siku ile ile. Mhariri akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akachukua visikizi vyake, akashuka ngazi, hakurudi tena.

Sehemu ya tatu haikutoka. Watu mjini hawakuuliza tena habari ya maji, waliuliza habari ya Misikhu. Barasa alihamishiwa Lodwar. Kabla ya kuondoka aliniuliza, "Ni nani alisema?" Nikasema sijui. Akafunga begi, na baada ya hapo ujumbe wake ulikuja mfupi, kisha ukaacha kuja. Kiti cha Mhariri nilipewa mimi.

Nitakiri na la mwisho la aibu. Kile kimya chake mbele ya mwenye redio kilinifurahisha. Kwa siku kadhaa nilijiambia, si unaona, nilisikia sawasawa. Nilikuwa nimepoteza mwanamume, na mlima umepoteza maji, na mimi najisifia masikio.

Miaka minne ikapita. Mwaka huu senge yangu, dada ya baba, alifariki, na familia ikanituma Bungoma kuchapisha vitabu vya mazishi. Nilielekezwa kwa mama mmoja mwenye duka dogo la kuchapa, anayesifika kwa kuandika maisha ya marehemu hata wafiwa wakacheka. Niliingia nikamkuta Mhariri nyuma ya kompyuta. Nywele zimeingia mvi mbele. Hakushtuka.

"Nekesa. Pole. Ni nani?"

"Senge, Madam."

"Kaa. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alimpenda Mungu, alipenda kuku wake..."

"Hiyo ni ya kila mtu. Niambie kitu yake peke yake."

Nikamwambia senge alimnunia shemeji yake miaka tisa kwa ajili ya sufuria. Akacheka ule mkwaruzo wake, akaandika. Aliuliza ni sufuria ya ukubwa gani, ilirudishwa au haikurudishwa, na siku ya kupatana nani alianza kusalimia. Aliendelea hivyo nusu saa nzima. Halafu yakanitoka.

"Madam, ni mimi nilisema."

"Najua," alisema, bado akipiga chapa. "Nilijua siku ile, vile ulikuwa unahesabu mabati."

"Sasa mbona hukunitaja? Ungesema ni mimi nilikuwa na Barasa, ungebaki na kazi yako."

Akaacha kupiga chapa. "Uliniambia mlango ukiwa umefungwa. Ulikuwa chanzo changu, Nekesa. Chanzo hakitajwi."

Na hata hapo, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na picha ya senge mapajani, ule wivu wangu ulikuwa haujashiba. Nikamuuliza.

"Ulimpenda?"

"Unaniuliza kama mhariri wa redio ama kama Nekesa?"

"Kama Nekesa."

"Ndiyo." Alisema bila kuinamisha macho. "Nilimpenda. Ndio maana sikuweza kusema simpendi. Nilikuwa nimepanga kuwaachia wengine hiyo habari baada ya sehemu ya tatu. Nilichelewa siku mbili, na hilo kosa ni langu, si lako. Lakini sikumgusa, na sikumwambia, na bomba limepindwa pale ukingo wa tatu. Hiyo yote ni kweli pamoja."

Nilimwonea wivu kuliko siku zote. Mimi nilikuwa na Barasa ndani ya nyumba nikamweka na uongo. Yeye alimpata dakika sita tu, mchana, mbele ya watu wanaokula maharagwe, na bado alikuwa anaweza kumtaja bila kuona haya.

"Maji yalifika?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi mimi siwezi hiyo habari, kwa sababu nimekwambia nilimpenda. Na wewe pia huwezi. Si uko na waandishi? Tuma mtu ambaye hapendi mtu yeyote huko."

"Ataniuliza kwa nini ilikufa."

"Si utamwambia."

Akanipa nakala ya kwanza ya maisha ya senge nisome kama kuna makosa. Hakukuwa na kosa hata moja. Tulipeana mkono mlangoni, na mkono wake ulikuwa wa moto kwa kushika karatasi zilizotoka kwenye mashine.

Jumatatu iliyofuata mazishi nilifunga mlango wa ofisi na kumwita mwandishi wetu mpya kuliko wote, msichana anayekatiza watu ovyo. Nikamweleza bomba, ukingo wa tatu, ramani, na sehemu ya tatu ambayo haikutoka. Akaniuliza ni nani aliyeiua. Nikamwambia ni mwandishi mmoja, kwa wivu.

"Mwandishi gani?" akanikatiza. Alikuwa ameshawasha rekoda. "Madam, taja jina."

Nikalitaja, lote, nikamwandikia na herufi zake.